Mizani ya Nuru na Ushahidi wa Picha

Aghalabu mtu aitazamapo picha ya kale hutafuta ndani yake yale yaliyokuwapo, sura na vazi, nyumba na mti, jahazi lililotia nanga mbele ya forodha. Na ni nadra kujiuliza ni yapi mengine yaliyokuwapo siku ile ile, mbele ya lenzi ile ile, ambayo bamba la kioo halikuweza kuyaona. Swali hilo la pili ndilo ninalotaka kulifuata hapa, kwa kuwa naamini ya kwamba historia ya picha za kushuhudia maisha ya watu haifahamiki barabara kwa mtu asiyejua ni kiasi gani cha nuru ambacho kila zama ilikidai kabla ya kukubali kutoa ushahidi. Kiasi hicho leo huandikwa kwa herufi tatu na tarakimu chache, ISO 100, ISO 400, ISO 3200, na kijana huigeuza namba hiyo kwa kidole gumba pasipo kuwaza lolote. Walakini kila ilipopanda daraja moja, kuna kaumu ya watu iliyoingia katika kumbukumbu za dunia ambayo hapo kabla ilikuwa imefungiwa nje, si kwa sababu haikuwa na jambo la kuonyesha, bali kwa sababu iliishi palipokuwa na giza, au haikuwa na wasaa wa kutulia.

Jambo hili lilianza Ufaransa. Nicéphore Niépce, alipotega dirishani kwake Le Gras bamba la madini lililopakwa lami, mnamo mwaka 1826 au 1827, aliliacha mbele ya jua kwa muda usiopungua saa nane, hata jua likapata nafasi ya kuziangaza kuta za upande wa mashariki na za upande wa magharibi katika picha moja. Louis Daguerre aliufupisha muda huo ukawa wa dakika, na mwaka 1838 aliielekeza kamera yake kwenye barabara ya Boulevard du Temple mjini Paris, njia iliyojaa magari ya farasi na wapitanjia kutwa kucha, lakini picha iliyopatikana yaonyesha njia tupu kana kwamba mji umehamwa. Wote waliokuwa wakienda walipita upesi kuliko bamba lilivyoweza kuwashika. Amebaki mmoja, ambaye huhesabiwa kuwa binadamu wa kwanza kuonekana katika picha, mtu aliyesimama kando ya njia huku ameinua mguu ili kiatu chake king'arishwe; naye yu dhahiri kwa kuwa alitulia, ilhali mng'arisha viatu aliyeinama mbele yake ni kivuli kilichovurugika, maana mikono yake ilikuwa kazini. Siipiti picha hii bila ya kuifikiri hali hiyo, kwamba tangu mwanzo wake chombo hiki kilimhifadhi anayehudumiwa kikamfifiza anayehudumu, na hakikufanya hivyo kwa chuki wala kwa upendeleo, bali kwa udhaifu wa macho yake.

Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer aliitangaza njia ya kolodioni, nayo ikazipunguza dakika zikawa sekunde. Fundi alimimina juu ya kioo maji mazito ya kolodioni yaliyotiwa chumvi, akakizamisha kioo hicho katika dawa ya fedha, akakiingiza katika kamera kingali kimaji, akapiga, kisha akakimbilia gizani kukisafisha kabla hakijakauka, kwa kuwa kikikauka usikivu wake hufa. Na muda wote wa kazi hiyo haukuzidi sana robo ya saa. Kwa njia hii Roger Fenton alikwenda katika vita vya Krimea mwaka 1855, akiwa na gari la farasi lililopata kuwa la mfanyabiashara wa mvinyo, ambalo alikuwa amelifanya chumba cha giza, akarejea Uingereza na mabamba zaidi ya 350. Katika mabamba hayo yote hamna askari anayekimbia wala mzinga unaotema moto. Muna maofisa waliokaa kwa utaratibu, muna mahema, muna bandari ya Balaklava, na lile bonde maarufu lililotapakaa risasi za chuma za mizinga baada ya mapigano kunyamaza. Wako wanaomlaumu Fenton ya kuwa aliificha vita, na ni kweli kwamba alikuwa na wakubwa wa kuwaridhisha. Lakini hata lau angalikuwa mtu huru kabisa, bamba lake lilitaka sekunde kadhaa za utulivu, na uwanja wa vita hautoi sekunde hizo. Alexander Gardner, alipoufikia uwanja wa Antietam nchini Marekani mnamo Septemba 1862, siku mbili tatu baada ya mapigano, aliwapiga picha maiti waliokuwa bado hawajazikwa. Picha hizo zilipoonyeshwa New York katika nyumba ya Mathew Brady ziliwatia watu simanzi kubwa, na kwa haki. Ila yafaa tukumbuke kwamba ufundi wenyewe ulikuwa umekwisha kumchagulia Gardner watu wake, kwa maana katika uwanja ule hapakuwa na wengine waliotulia kiasi cha kutosha.

Ufundi huo huo ulifika kwetu. Mwaka 1860 James Augustus Grant, aliyekuwa akijitayarisha kwenda bara pamoja na John Hanning Speke kukitafuta chanzo cha mto Nili, alipiga picha Unguja, nazo ni miongoni mwa picha za kwanza kabisa zijulikanazo za mji ule. Lakini safari ilipoanza, kazi ya kuandaa mabamba ndani ya hema dogo lililozibwa nuru, katika hari ya nchi zetu na katika mvuke wa dawa, ilikuwa nzito hata Speke akaihofia afya ya mwenziwe; kamera ikarudishwa, na Grant akashika kalamu na rangi za maji. Basi Unyamwezi, Karagwe na Buganda za safari ile zimetufikia kwa mchoro wala si kwa picha. Siidharau michoro ya Grant, ambayo ni ya mtu mwangalifu; lakini mchoro hubeba yale tu ambayo mchoraji aliona yafaa kubebwa, ilhali picha, ijapokuwa nayo hutungwa na mpigaji, huchukua pamoja na makusudio yake mambo mengi asiyoyakusudia, mkufu shingoni mwa mtu aliyesimama nyuma, chungu kilichopasuka, mtoto anayechungulia mlangoni, na hayo ndiyo ambayo wajukuu huyatafuta. Tulinyimwa hayo na dawa iliyokauka upesi katika hema la moto.

Huko Ulaya nako, Mfaransa Nadar, mtu mwenye moyo mkubwa wa kujaribu, alitaka kuyaonyesha makaburi ya chini ya ardhi ya mji wa Paris, ambamo mifupa ya mamilioni ya watu imepangwa ukutani. Na kwa kuwa huko jua halifiki, aliteremsha taa za umeme zilizolishwa kwa betri kubwa, jambo la ajabu kwa mwaka 1861. Hata kwa taa hizo baadhi ya mabamba yalidai dakika 18. Hapakuwa na kibarua awezaye kusimama bila kutikisika muda wote huo, kwa hivyo Nadar akatengeneza masanamu, akayavika nguo za kazi na viatu, akayasimamisha mahali pa vibarua wenyewe kana kwamba yanasukuma magari ya mifupa. Nimeiona picha mojawapo mara nyingi, na kila mara huniingia huzuni ya namna yake, kwa kuwa kazi ile ilikuwapo kweli, na watu walioifanya walikuwapo kweli, hatua chache tu kutoka kwenye kamera, na bado aliyewawakilisha katika kumbukumbu ni sanamu.

Fauka ya uzito huo wa bamba katika kuihisi nuru, palikuwa na upofu wa rangi. Chumvi za fedha kwa tabia yake huhisi nuru ya buluu na ya zambarau, na huipuuza nyekundu, ya manjano na ya kahawia. Kwa ajili hiyo katika picha za karne ya 19 anga hutoka nyeupe kama karatasi, bendera nyekundu hutoka nyeusi, na ngozi ya kahawia, ambayo jicho la mtu huiona na wekundu na dhahabu ndani yake, huzama katika weusi mmoja usio na kina. Profesa Hermann Wilhelm Vogel wa Berlin aligundua mwaka 1873 kwamba rangi fulani zikichanganywa katika bamba huliwezesha kuiona nuru ya kijani, na mwaka 1906 kampuni ya Wratten & Wainwright ya Uingereza ikaanza kuuza mabamba yenye kuziona rangi zote. Kati ya miaka hiyo miwili ndipo zilipopigwa nyingi katika picha zetu za Unguja tunazozijua, zikiwamo zile za studio ya A. C. Gomes na za J. B. Coutinho, mafundi wenye asili ya Goa ambao kadi zao za posta zilisafiri duniani kote. Msomaji akizishika kadi hizo leo, asidhani kwamba giza lililo katika nyuso za wachukuzi na wauza maji ndilo lililokuwa katika nyuso zenyewe. Sehemu yake ni giza la dawa.

Mwaka 1871 Richard Leach Maddox, tabibu wa Kiingereza, alionyesha kwamba jelatini yaweza kuchukua nafasi ya kolodioni, na mwaka 1878 Charles Bennett akatambua kwamba jelatini hiyo ikiachwa katika joto kwa siku kadhaa huongezeka usikivu wake kwa namna isiyopata kuonekana. Sasa bamba liliweza kutengenezwa kiwandani, kuwekwa kabatini miezi mingi, kupigwa kwa sehemu ndogo ya sekunde, na kusafishwa wakati wowote. Biashara ikachipuka, na pamoja na biashara maneno makubwa ya wauzaji: huyu alisema mabamba yake ni mepesi, yule akasema yake ni mepesi mara kumi, wa tatu mara ishirini, wala hapakuwa na kipimo chenye kuaminika cha kumsuta yeyote. Mpiga picha alinunua kwa imani, akajifunza kwa hasara.

Waliotia adabu katika vurugu hiyo walikuwa watu wawili wa kiwanda cha kemikali huko Widnes, kaskazini ya Uingereza, Ferdinand Hurter, mkemia mzaliwa wa Uswisi, na Vero Charles Driffield, mhandisi, ambao waliipenda kamera kama watu wapendavyo jambo la mapumziko, lakini hawakuridhika kuona sanaa yao ikitegemea bahati. Kwa muda wa zaidi ya miaka kumi walifanya majaribio kwa nuru ya mshumaa uliopimwa na gurudumu lenye matundu, wakiipa kila sehemu ya bamba nuru maradufu ya sehemu iliyotangulia, kisha wakalisafisha bamba na kupima ni fedha kiasi gani iliyobaki. Mwaka 1890 wakatangaza matokeo: kuna sheria inayofunga kiasi cha nuru na kiasi cha weusi, na sheria hiyo ukiichora hupata msitari uliopinda chini, ukanyooka katikati, ukalala tena juu. Kule chini nuru ni haba hata bamba halisemi neno; katikati kila ongezeko la nuru hupata ongezeko lake la haki; kule juu bamba limekwisha kushiba, na nuru zaidi haileti habari zaidi. Waliochukua sanaa kuwa siri ya roho waliwapinga kwa ukali, wakaona ni dharau kwa msanii kuletewa hesabu. Nami nawaona Hurter na Driffield kuwa wafadhili wakubwa wa upigaji picha wa ushahidi, kuliko wengi waliopata sifa kwa picha zao, kwa kuwa bila ya msitari ule mpiga picha hakuweza kujua, alipoingia nyumba yenye kiza, kama atatoka na habari au atatoka mikono mitupu.

Na hasa nyumba zenye kiza ndizo zilizokuwa zikimsumbua Jacob Riis. Mdenmarki huyu, aliyehamia Marekani akiwa kijana na kuonja ufukara wa New York kwa kinywa chake mwenyewe, alikuwa mwandishi wa habari za polisi, na usiku baada ya usiku alishuhudia watu wakilala kumi na zaidi katika chumba kimoja kisicho na dirisha. Akaandika, na maandishi yake hayakuwatikisa wenye mamlaka. Mwaka 1887 akasoma gazetini kwamba Ujerumani umepatikana unga wa magnesi unaowaka ghafla kwa nuru kuu, kazi ya Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, na mara moja akaelewa kwamba hilo ndilo alilolihitaji. Mwanzoni unga huo ulifyatuliwa kwa bastola. Waliolala wakaruka kwa kitisho, na Riis akaiacha bastola akaanza kuuwasha katika kikaango. Mara mbili alizitia moto nyumba alizokuwamo, na mara moja alijitia moto mwenyewe. Kitabu chake cha mwaka 1890, How the Other Half Lives, kilikuwa miongoni mwa sababu za kurekebishwa kwa sheria za nyumba za kupanga na kufungwa kwa malazi mabaya ya polisi, na kwa hayo anastahili heshima isiyo na shaka. Lakini zitazame nyuso zile: macho yamekodolewa, mikono imeinuliwa nusu, midomo wazi. Wengi wamezisoma kama nyuso za watu waliodhalilishwa na umaskini, ilhali sehemu kubwa ya yale tunayoyaona ni nyuso za watu walioamshwa usingizini na mripuko. Umaskini wao ulikuwa wa kweli, na kitisho kilikuwa cha mgeni. Bamba la Riis lilikuwa zito la kuhisi, na uzito ule ulilipwa na waliopigwa picha.

Dawa ya tatizo hilo ilikuja kwa njia mbili kwa pamoja, lenzi pana na filamu nyepesi. Mwaka 1924 kiwanda cha Ernemann mjini Dresden kilitoa kamera ya Ermanox, yenye lenzi iliyoruhusu nuru nyingi kuliko zote za wakati ule, na Erich Salomon, mwanasheria wa Berlin, aliichukua akaingia nayo katika mahakama na katika mikutano ya mawaziri, pasipo unga wala moshi, akiificha ndani ya kofia ilipobidi. Katika mkutano wa The Hague wa mwaka 1930 aliwapiga mawaziri usiku wa manane wakiwa wamechoka, wamelegea vitini, wasijue kwamba kuna mtu anayewatazama. Na dunia, iliyokuwa imezizoea sura za viongozi waliosimama kama nguzo, ikawaona kwa mara ya kwanza kuwa ni watu. Salomon aliuawa na Wanazi Auschwitz mwaka 1944. Kamera ndogo ya Leica, aliyoivumbua Oskar Barnack na iliyoonyeshwa Leipzig mwaka 1925, ilitumia filamu ya sinema ya milimita 35 yenye picha 36, na hiyo ndiyo iliyokuja kuenea.

Katika miaka hiyo na iliyofuata nchi mbalimbali zilikuwa na mizani zao za kupimia usikivu. Kulikuwa na daraja za Julius Scheiner, mnajimu wa Potsdam, zilizotungwa mwaka 1894 kwa ajili ya picha za nyota. Kulikuwa na namba za Weston, zilizokuja na kipima nuru cha umeme cha mwaka 1932. Ujerumani iliweka DIN mwaka 1934, na Marekani, kwa kuyafuata majaribio ya Loyd A. Jones wa kampuni ya Kodak, ikaweka ASA mwaka 1943. Mwaka 1974 mizani mbili za mwisho zikaunganishwa chini ya jina la ISO, na ndipo filamu ikaandikwa 100/21, tarakimu ya kwanza ikiwa ya Kimarekani na ya pili ya Kijerumani. Namna ya kuzisoma ni nyepesi: upande wa ASA namba ikirudufika, usikivu umerudufika, kwa hivyo filamu ya 400 hutaka robo ya nuru inayotakwa na filamu ya 100; upande wa DIN kila ongezeko la tatu ni maradufu. Na mafundi walikuwa na kanuni isiyohitaji kipima nuru, ambayo mtu wa pwani aweza kuijaribu adhuhuri yoyote isiyo na mawingu: weka tundu la lenzi kwenye f/16, na muda wa shata uwe sehemu ya sekunde iliyo karibu na namba ya filamu, yaani kwa filamu ya 100 iwe 1/100 au 1/125.

Lakini lililo muhimu kuliko hesabu hiyo ni mahali namba ilipopimwa. Tangu DIN, na kwa ASA tangu yalipofanywa marekebisho ya mwaka 1960, usikivu wa filamu nyeusi na nyeupe ulihesabiwa kutoka mguuni mwa ule msitari wa Hurter na Driffield, pale ambapo nuru ndogo kabisa huacha alama ya kwanza inayotambulikana juu ya ukungu wa filamu tupu. Namba iliyoandikwa kwenye boksi ilikuwa, kwa hiyo, ahadi juu ya kivuli. Ilimwambia mpigaji ni kiza gani cha mwisho ambacho ndani yake bado kitu kinaweza kushuhudiwa. Ndiyo sababu mafundi wa zama za filamu walifunzwa kupima vivuli kwanza, wakiyaachia meupe yajitunze yenyewe kule juu ambako msitari hulala pole pole.

Mwenye kufahamu hilo ndiye atakayeufahamu mtihani uliowakabili mafundi wetu wa studio, kama vile Ranchhod Oza aliyefungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930. Bwana harusi amevaa kanzu nyeupe, kofia nyeupe, na uso wake ni mweusi. Nje jua ni la saa saba. Kipima nuru hakimjui bwana harusi. Kimetengenezwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu, na kikiielekea kanzu humshauri fundi apunguze nuru mpaka kanzu iwe kijivu, na uso, ambao tayari huakisi nuru kidogo, huangukia chini ya mguu wa msitari na kupotea. Fundi anayeijua kazi yake huusogelea uso, huupima uso, huupa nuru unayoistahili, na kanzu huivumilia. Au humweka mtu wake barazani, kwenye kivuli kilicho wazi, ambako tofauti ya uso na vazi hupungua. Elimu hii haikuandikwa kwenye karatasi zilizokuja ndani ya maboksi ya filamu. Ilipatikana kwa mikono, ikafunzwa kwa mikono, na nyuso za wazee wetu ambazo tunaziona dhahiri katika albamu za nyumbani ni dhahiri kwa ajili yake.

Filamu ya rangi ilipokuja, mambo yalirudi nyuma. Maabara za kusafishia zilirekebisha mashine zao kwa kadi ya mfano yenye picha ya mwanamke mweupe, kadi iliyojulikana kwa jina la Shirley, na rangi ya ngozi yake ikawa ndiyo mizani ya ngozi zote. Mtafiti wa Kanada Lorna Roth, aliyewahoji waliopata kufanya kazi Kodak, ameeleza kwamba miongoni mwa mambo yaliyosukuma kuboreshwa kwa rangi za kahawia katika filamu yalikuwa malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao hawakuridhika na picha za bidhaa zao. Natamani habari hii isomwe polepole. Kwa miaka mingi mama ambaye mwanawe alipigwa picha pamoja na watoto wa rangi mbalimbali darasani alimwona ametoka macho na meno tu, akanyamaza, au akalalamika asisikilizwe. Na kabati la mti likasikilizwa.

Kwa upande wa filamu nyeusi na nyeupe, ile ya Kodak iitwayo Tri-X, ya milimita 35, ilitoka mwaka 1954 ikiwa na namba 200, na mwaka 1960, wataalamu walipoiondoa ile akiba ya tahadhari waliyokuwa wameiweka ndani ya hesabu zao, ikawa 400 pasipo filamu yenyewe kubadilishwa. Wapiga picha wa magazeti walikuwa wamekwisha kuigundua akiba hiyo kwa uzoefu. Waliipiga filamu kana kwamba ni ya 800 au 1600, kisha wakaizidishia muda katika dawa, wakapata picha yenye chembe kubwa na vivuli vilivyokatika, lakini picha hata hivyo, kutoka mahali ambapo Riis angaliwasha unga.

Aliyeujibu mtihani wa giza kwa namna inayonigusa kuliko wote ni mpiga picha Roy DeCarava, mzaliwa wa mtaa wa Harlem mjini New York, ambaye kitabu chake The Sweet Flypaper of Life, chenye maneno ya mshairi Langston Hughes, kilitoka mwaka 1955. DeCarava hakupenda flashi. Aliwapiga jirani zake jikoni, kwenye ngazi, katika vilabu vya muziki, kwa nuru ile ile waliyoishi nayo, na katika chumba cha giza hakujaribu kuwaleta kwenye mwangaza wa watu wengine, bali alichapa nakala nzito, ambamo kijivu hufuatana na kijivu kizito zaidi na weusi una ngazi nyingi kama weupe ulivyo. Mtazamaji mwenye haraka huona kiza. Akingoja kidogo, uso humjia, kisha mkono, kisha ukuta wenye rangi iliyobanduka. Kwake yeye mguu wa msitari haukuwa mpaka wa kukimbiwa. Alikwenda kukaa hapo, akaonyesha kwamba kuna maisha mazima pale ambapo vitabu vya ufundi vilisema hakuna habari.

Kamera za sasa zimeirithi namba, lakini hazikuirithi maana yake yote. Kihisi cha kamera ya dijiti usikivu wake ni mmoja tangu kinapotoka kiwandani, na mtu apandishapo ISO kutoka 100 kwenda 6400 hakiongezei macho, bali huikuza ishara iliyokwisha kupokewa, kama mtu aongezavyo sauti ya redio ya stesheni ya mbali akapata maneno pamoja na mikwaruzo. Na mikwaruzo hiyo katika picha ndiyo chenga tunazoziona kwenye picha za usiku. Tena kanuni ya ISO 12232, iliyotolewa kwanza mwaka 1998, imeweka miongoni mwa njia zake kuihesabu namba kutoka juu, pale kihisi kinaposhiba kikashindwa kupokea zaidi. Kwa njia hiyo filamu iliahidi juu ya kivuli, na dijiti huahidi juu ya mwanga. Mpiga picha wa leo aliyesomeshwa kuyalinda meupe yasiungue, na kwa kihisi chake amesomeshwa sawa, huihifadhi kanzu na kuupunja uso, kinyume cha alivyofanya fundi wa studio. Na simu, ambayo hujichagulia namba na kujichanganyia picha kadhaa kwa hesabu zake, huuchomoa uso kutoka gizani na kuupaka nuru ambayo chumbani haikuwapo. Katika picha ya arusi hilo ni jambo la furaha. Katika picha inayodai kushuhudia namna watu wanavyoishi bila umeme, naliona ni jambo la kuulizwa.

Ni kwa sababu hiyo ninaziomba nyaraka zetu, na familia zenye masanduku ya filamu za zamani, na vijana wanaozigeuza filamu hizo kuwa za dijiti, wasizikate kingo. Pembeni mwa filamu nyingi, nje ya picha yenyewe, limechapwa jina la filamu na namba za fremu, na wengi huliondoa ili picha iwe nadhifu. Kwa jina hilo mtu ajuaye aweza kuitambua namba ya usikivu, na kwa namba akakisia muda na nuru, na kwa hayo akajua kama uso uliozama ulizamishwa na jua, au na dawa, au na mtu aliyeipima kanzu. Vilevile picha za dijiti hubeba ndani yake ISO, tundu na muda, na maandishi hayo aghalabu hupotea picha zinapotumwa kwa simu kutoka mkono hadi mkono. Kwa hiyo anayepiga picha za ushahidi na aitunze nakala ya kwanza kama ilivyotoka kwenye kamera, akaandika kando yake mahali, siku, saa, na nuru iliyokuwapo, kama ilikuwa ya jua, ya koroboi, au ya taa aliyoileta yeye.